Dakika za Kimya

Nanukuu sauti za watu kwa malipo ya dakika,
Kohtla-Järve, ghorofa ya nne, dirisha langu likitazama
kilima cha majivu ambacho watoto hukitelezea theluji ikianguka.
Kilima hicho hakikuumbwa. Kilimwagwa,
behewa baada ya behewa,
na baba yangu, na baba za niliosoma nao.

Wiki hii nimeletewa mahojiano saba
na wataalamu wa fedha zisizoiumiza dunia.
Visikizi masikioni, mguu kwenye kanyagio:
simamisha, rudisha, endelea.

Bi. Triinu Õunapuu, wa benki huko Tallinn,
ana sauti ya mtu anayekata mkate kwa rula.
"Hati fungani ya kijani ni deni kama deni,
ila mkopaji anaahidi kuwa fedha zitaota majani."
Anacheka. Naandika: anacheka.
Ahadi ni deni, ndivyo nilivyolelewa;
sasa nasikia deni nalo ni ahadi.
Nani anayahesabu majani? anaulizwa.
"Mkaguzi."
Na mkaguzi analipwa na nani?
"Na mkopaji."
Hapo kijiko kinagonga kikombe mara tatu.
Mwongozo wangu wa kazi hauna alama ya kijiko.

Bw. Arvo Leppoja alipiga hesabu za bima hadi alipostaafu.
Huyu hupumua kabla ya kila tarakimu.
"Mkopo wangu mrefu kuliko yote ulikuwa wa miaka saba.
Msitu unataka themanini.
Niliuomba uharakishe," anasema,
"ukaniangalia tu."

Kisha binti wa takwimu, Kerttu, maneno mbio kama mbaazi zikimwagika:
kampuni moja, wapimaji watatu;
wa kwanza kaisifu, wa pili kaiangusha,
wa tatu kaiandikia "haijulikani" na kutuma ankara.
Nilirudisha mara mbili. Ndiyo, alisema ankara.

Wote saba wanasema "mpito wa haki".
Nimehesabu: mara arubaini na moja.
Mara ya arubaini kidole kiliteleza,
nikaandika "mpito wa hati".
Nikaisoma.
Sikuifuta upesi.

Jioni bomba la joto chini ya dirisha likaanza kugugumia.
Joto hili linatoka kwenye jiwe lile lile
linaloshtakiwa masikioni mwangu tangu asubuhi;
nami nimevua soksi, nimeliegemezea nyayo,
na sioni aibu ya kutosha.

Wa mwisho ni profesa, Heldur Raudkats.
Mpole. Anajibu kwa aya nzima nzima, mpaka nukta unazisikia.
Mwandishi anamwuliza:
fundi wa mgodi mwenye miaka hamsini na sita,
asiye na cheti kingine ila mapafu yake,
yumo ukurasa gani wa ripoti yenu?

Sekunde kumi na tisa.

Nimezisikiliza mara nne.
Ipo saa ya ukutani. Kipo kiti, kinalalamika.
Mbali, huko nje, tramu inakata kona.
Mtu anavuta pumzi ya kusema, anaimeza.
Sheria ya kazi: kimya kikizidi sekunde tano
kiandikwe katika mabano.
Nikaandika [kimya],
neno dogo hivyo kwa kitu kikubwa hivyo.
Na kimya chake nitalipwa sawasawa na maneno yake;
katika biashara hii, hicho ndicho kipimo pekee
ambacho sijasikia kikibishaniwa.

Halafu akasema, "Swali zuri,"
akaenda zake kwenye asilimia.

Baba alikuwa jikoni, akimenya viazi,
akikohoa kile kikohozi chake cha ngazi,
kinachopanda, kinapumzika, kinapanda tena.
"Wamesema nini wakubwa wako?"
Nikatoa visikizi.
"Wamesema swali ni zuri."

Kisu kikasimama kwenye kiazi.
"Lipi?"